Gundi ya Migunga: Usichanganye, Usikate Mti

Na Bwana Shamba, Digodigo

Ndugu msomaji, ukinunua pakiti ya peremende dukani, usiitupe pakiti kabla ya kuisoma. Soma maandishi madogo yaliyo nyuma. Kwenye baadhi ya pakiti utakuta herufi E, na baada yake namba 414. Alama hiyo, E414, ni jina fupi la kitu ambacho wachungaji wetu wanakijua tangu utoto. Ni gundi ya mgunga. Ni gundi ile ile ambayo watoto huibandua kwenye gome la mti wakichunga mbuzi, kisha wakaitafuna.

Wafanyabiashara huiita gamu arabika. Jina hilo halina maana kwamba miti yake ni ya Uarabuni. Zamani gundi ilipitia katika bandari za Waarabu kabla ya kufika Ulaya. Wanunuzi wakaipa jina la njia iliyopitia. Lakini gundi inayouzwa duniani hutoka hasa Afrika. Miti hiyo huota katika nchi kavu kuanzia Senegal hadi Sudan, Ethiopia, Somalia, Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanzania.

Sisi wa Digodigo, Samunge, Sale na Kisangiro tumezoea kutazama mashamba yetu ya mifereji. Hayo ndiyo yanayotupa mtama, mahindi, maharage na viazi vitamu. Tukitazama nyika iliyo chini yetu kuelekea Ziwa Natron, tunaona miiba tu. Makala hii inataka kukuonyesha kwamba ndani ya miiba hiyo mna mali. Lakini mali hiyo ina masharti mawili. Sharti la kwanza: gundi ya mti mmoja isichanganywe na ya mti mwingine. Sharti la pili: mti usikatwe. Asiyeyashika masharti hayo atavuna jasho tu.

GUNDI NI NINI?

Mti ukijeruhiwa, hujitibu wenyewe. Mgunga ukichunwa gome na mnyama, au ukitobolewa na mdudu, au ukivunjika tawi, hutoa utomvu mzito. Utomvu huo huziba jeraha. Ukipigwa na jua na upepo hukauka, ukawa donge gumu la rangi ya asali au nyeupe. Donge hilo ndilo gundi.

Mti hutoa gundi zaidi unapopata shida. Mti ulio kando ya mto, wenye maji mengi na afya njema, hutoa kidogo. Mti wa mahali pakavu, wakati wa kiangazi na joto kali, ndio unaotoa zaidi. Kwa hiyo gundi ni zao la wakati ambao mashamba mengi yamelala. Hiyo ni faida ya kwanza kwa mkulima na mfugaji.

Hata wanyama wanajua thamani yake. Komba, yule mnyama mdogo mwenye macho makubwa anayeruka usiku, hutegemea sana gundi ya migunga wakati wa kiangazi.

INATUMIKA WAPI?

Chukua chupa yenye maji. Tia mafuta kidogo ya kupikia, kisha tikisa. Ukiiacha chupa itulie, mafuta yatapanda juu na maji yatabaki chini. Mafuta na maji havikai pamoja.

Watengenezaji wa soda wana shida hiyo hiyo. Ladha ya chungwa au limau hutokana na mafuta ya maganda ya matunda. Mafuta hayo yakitiwa katika maji peke yake, yatapanda juu ya chupa. Ikitiwa gundi ya mgunga, hushika matone madogo ya mafuta na kuyazuia yasikusanyike. Ndiyo sababu ladha hukaa sawa kuanzia mdomo wa chupa hadi chini. Nayo gundi haina ladha kali wala harufu ya kuharibu kinywaji.

Kazi zake nyingine ni hizi:

Katika peremende, huzuia sukari isigeuke chengachenga. Katika dawa, hushikamanisha unga wa vidonge, na hutumika katika baadhi ya dawa za maji. Katika wino na rangi za maji za kuchorea, hushika rangi ili isitengane na maji. Katika viwanda vya nguo, hutumika katika kutia rangi na nakshi kwenye vitambaa. Katika stempu na bahasha, ni ile gundi unayoilowesha kwa ulimi kabla ya kubandika. Siku hizi viwanda vingi vya stempu hutumia gundi nyingine, lakini kwa miaka mingi ilitumika hiyo.

Matumizi haya si mageni. Wamisri wa kale, maelfu ya miaka iliyopita, waliitumia gundi hii katika wino wao na katika kufunga maiti kwa vitambaa.

Nchi inayotoa gundi nyingi kuliko zote ni Sudan. Kwa miaka mingi imetoa zaidi ya nusu ya gundi yote inayouzwa duniani. Mwaka 1997 Marekani iliiwekea Sudan vikwazo vya biashara. Hata hivyo gundi ilipewa ruhusa maalumu iendelee kuingia Marekani, maana viwanda vya huko viliihitaji. Aprili 2023 vita vilizuka nchini Sudan, na biashara ya gundi ikavurugika. Wanunuzi walianza kuitafuta katika nchi nyingine pia. Lakini mnunuzi anayetafuta gundi hanunui kila kitu kilichotoka kwenye mti wa miiba. Tuone sababu yake.

ITAMBUE MITI

Migunga ni ya aina nyingi. Kila aina hutoa gundi yake, na gundi hizo si sawa. Mvunaji lazima ajue anasimama chini ya mti gani. Tazama miiba, gome na maua.

Mti wa kwanza ndio bora kuliko yote. Wataalamu huuita Acacia senegal, na Wamasai huuita olderkesi. Miiba yake ni mifupi na imepinda kama kucha za paka. Hukaa mitatu mitatu mahali pamoja: miwili ya pembeni hutazama juu, na mmoja wa katikati hutazama chini. Maua yake ni meupe, marefu kama mkia wa panya. Maganda ya mbegu ni bapa na membamba kama karatasi.

Mti wa pili ni ule ambao Wamasai huuita oiti. Huu hukosewa mara nyingi na ule wa kwanza, kwa sababu nao una miiba iliyopinda. Lakini hesabu miiba yake. Utakuta iko miwili miwili, si mitatu. Nyuki hupenda sana maua yake. Watoto hula gundi yake, lakini siyo ile inayotakiwa na mnunuzi wa gamu arabika.

Mti wa tatu wataalamu huuita Acacia seyal. Miiba yake ni mirefu, myeupe na iliyonyooka. Gome lake lina unga unga wa rangi ya kijani, ya manjano au nyekundu kama kutu. Maua yake ni ya manjano, ya mviringo kama shanga. Gundi yake inauzwa pia, lakini huhesabiwa daraja la pili, na bei yake huwa chini ya ile ya kwanza.

Mti wa nne ni mfupi, hupenda udongo mweusi wa mbuga. Wamasai huuita eluai. Una vinundu vyeusi, vyenye matundu, na ndani yake huishi sisimizi wakali. Upepo ukivuma, vinundu hivyo hupiga mluzi. Mti huu nao hutoa gundi, na ni rahisi kuiona. Hapo ndipo wengi huingia katika mtego.

KWA NINI TUSICHANGANYE?

Gundi hii inaliwa na watu. Kwa hiyo kuna sheria juu yake. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani yana kamati ya wataalamu wa vitu vinavyotiwa katika vyakula. Kamati hiyo imetaja gundi zinazoweza kuitwa gamu arabika. Nazo ni ile ya Acacia senegal na jamii zake za karibu sana, pamoja na ile ya Acacia seyal. Gundi ya mti wa vinundu haikutajwa.

Hapa Tanzania watu wa Singida na Shinyanga wameuza gundi kwa miaka mingi. Mara nyingi gundi hiyo ilikuwa mchanganyiko wa miti kadhaa, na mti wa vinundu ukiwamo. Wanunuzi wa nje wakaitilia mashaka. Gundi inayotiliwa mashaka hupewa bei ndogo, au hukataliwa kabisa.

Mtu anaweza kusema, "Nikiichanganya ndani ya gunia, nani atajua? Yote ni madonge ya rangi moja." Ndugu msomaji, atajulikana. Wataalamu huyeyusha gundi katika maji, kisha hupitisha ndani yake mwanga wa namna maalumu. Gundi ya Acacia senegal huupindisha mwanga huo upande wa kushoto. Gundi ya Acacia seyal na ya mti wa vinundu huupindisha upande wa kulia. Mnunuzi hana haja ya kuja Digodigo kuuona mti. Kikombe kimoja cha maji ya gundi kitamweleza.

Tena hasara haimwangukii mchanganyaji peke yake. Tuseme wavunaji kumi wamepeleka gundi yao ghalani. Tisa wameleta gundi safi, na mmoja amechanganya. Yote ikimiminwa pamoja, gundi ya wale tisa nayo imeharibika. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ndiyo maana kila mvunaji aweke gundi ya kila mti katika mfuko wake, kuanzia porini. Akifika nyumbani ni kuchelewa. Jicho haliwezi tena kutenganisha.

JARIBIO LA KIKOMBE

Kuna kosa jingine. Baadhi ya miti ya nyika hutoa kitu kinachofanana na gundi, lakini si gundi. Ni ulimbo wenye mafuta na harufu. Ubani na manemane ni vya namna hiyo. Miti ya jamii ya manemane iko mingi katika nyika, na mingine hupandwa kuwa uzio wa boma. Ulimbo wake ukiingia katika gundi, unaiharibu.

Fanya jaribio hili nyumbani. Ponda donge moja mpaka lipate kijiko kimoja cha unga. Litie katika kikombe safi. Ongeza vijiko viwili vya maji baridi. Koroga, funika, uache mpaka kesho asubuhi.

Asubuhi tazama. Ikiwa imeyeyuka yote, ikawa maji mazito yanayonata, hiyo ni gundi. Ikiwa imevimba kama uji mzito bila kuyeyuka, hiyo ni gundi ya mti mwingine usiotakiwa. Ikiwa imebaki vipande, au maji yamekuwa kama maziwa, na kuna harufu kali, huo ni ulimbo. Mchanga ukiwa chini na maganda ya mti yakielea juu, uvunaji wako haukuwa safi.

Jaribio hili halitenganishi gundi ya Acacia senegal na ile ya mti wa vinundu. Zote mbili huyeyuka. Hizo hutenganishwa kwa kuutazama mti wakati wa kuvuna.

Maji hayo ya gundi yasimwagwe. Wape watoto wabandikie madaftari yao yaliyochanika. Yatumike mapema, kwa sababu yakikaa siku nyingi huota ukungu.

JINSI YA KUVUNA

Njia ya kwanza ni kuokota gundi iliyotoka yenyewe. Ndivyo wafanyavyo wafugaji wengi wa kaskazini mwa Kenya, katika sehemu za Samburu, Isiolo, Marsabit, Wajir na Turkana. Wanapochunga mifugo, huokota gundi njiani. Njia hii haina gharama na haiumizi mti.

Njia ya pili ni kugema. Wenzetu wa Sudan hugema gundi kama watu wa pwani wagemavyo tembo la mnazi. Husubiri mvua ziishe na majani yaanze kupukutika. Kisha hufanya hivi:

1. Huchagua mti uliokomaa, wenye umri wa miaka minne au mitano au zaidi. Mti mchanga huachwa ukue.

2. Hukata gome kidogo kwenye tawi nene, kwa chombo chenye ncha ya chuma. Hawalikati tawi lenyewe.

3. Huvuta gome na kulibandua. Ukanda unaobanduliwa huwa na upana wa vidole viwili hivi na urefu wa shibiri moja. Hawauzungushi ukanda huo kulizunguka tawi. Tawi likichunwa gome pande zote, hufa.

4. Husubiri wiki tatu hadi sita. Madonge yakikauka, huvuna mara ya kwanza.

5. Baada ya hapo hurudi kila baada ya wiki mbili au tatu, mpaka mvua zinapokaribia.

6. Mwaka unaofuata hawakati mahali pale pale. Huchagua upande mwingine ili jeraha la zamani lipone.

Hapa kwetu mvua za masika huisha mwezi wa Mei. Kwa hiyo wakati wa kujaribu ni kuanzia Juni. Usianze na miti mingi. Gema miti mitano tu mwaka wa kwanza. Mitano mingine iache bila kugemwa. Pima gundi ya kila upande na uandike katika daftari. Mwisho wa kiangazi utajua kama kugema kunafaa katika nyika yetu, au kuokota peke yake kunatosha.

Mti mmoja huweza kutoa gundi kiasi gani? Kwa wastani ni karibu robo kilo kwa msimu. Wastani maana yake ni kwamba miti mingine hutoa chini ya hapo, na mingine hutoa zaidi. Sasa tupige hesabu. Miti 4 ni kilo 1. Miti 40 ni kilo 10. Miti 400 ni kilo 100. Unaona kwamba mtu mmoja mwenye miti michache hapati gunia. Lakini kikundi cha watu ishirini kinaweza.

KAUSHA, CHAGUA, HIFADHI

Usiokote gundi iliyoanguka mchangani ukaichanganya na ile ya mtini. Iweke mbali. Tumia kikapu au mfuko wa kitambaa. Usitumie mfuko wa plastiki, maana gundi mbichi hutoa jasho ndani yake, ikashikamana na kuota ukungu.

Nyumbani, itandaze juu ya mkeka au chekecheke, kivulini, mahali penye upepo. Igeuze kila siku. Ondoa gome, majani, miiba na wadudu kwa mkono. Usiioshe kwa maji, itayeyuka.

Ikikauka, igawe mafungu manne. Fungu la kwanza ni madonge makubwa, meupe au ya rangi ya asali, yasiyo na uchafu. Fungu la pili ni madonge safi madogo. Fungu la tatu ni vipande vilivyovunjika. Fungu la nne ni unga na gundi yenye uchafu. Tia kila fungu katika gunia lake la katani. Andika juu yake: jina la mti, jina la kijiji, mwezi na mwaka. Hapo ndipo kusoma na kuandika kunapogeuka kuwa fedha. Gunia lisilo na maandishi huzungumziwa na mnunuzi. Gunia lenye maandishi hujizungumzia lenyewe.

SOMO LA SANDARUSI

Kazi ya kusafisha na kuchagua inaonekana ndogo. Lakini historia yetu inaonyesha kwamba fedha huwafuata wanaosafisha.

Katika karne ya 19, pwani ya nchi yetu ilisifika kwa sandarusi. Sandarusi ni ulimbo wa mti uitwao msandarusi. Ulimbo huo haukuokotwa mtini tu. Sandarusi bora ilichimbwa ardhini, mahali ambapo miti ya kale ilikuwa imekufa zamani sana. Wachimbaji waliiuza, ikapelekwa Unguja, na kutoka huko ikasafirishwa nje. Ilitumika kutengeneza vanishi ya kung'arisha samani na magari ya farasi.

Mwaka 1833 Sultani Sayyid Said aliweka mkataba wa biashara na Marekani. Wafanyabiashara wa mji wa Salem walinunua sandarusi nyingi. Lakini kwa miaka mingi iliondoka hapa ikiwa na ganda lake na mchanga wake. Ilisafishwa kulekule Salem, katika kiwanda. Mchimbaji aliyetoa jasho katika ardhi ngumu alilipwa bei ya kitu kichafu. Aliyeiosha na kuichagua ng'ambo alipata bei ya kitu safi. Baadaye vanishi za viwandani zikachukua nafasi yake, na biashara ile ikafifia.

Sandarusi ni ulimbo, gundi ya mgunga ni gundi. Lakini somo ni moja. Tukiuza gundi pamoja na gome, mchanga na mchanganyiko wa miti minne, tunampa mtu mwingine sehemu nono ya kazi. Kazi ya kuchagua haihitaji mashine. Inahitaji macho, mikono na uaminifu.

MTI ULIOSIMAMA NA MTI ULIOKATWA

Sasa tuseme juu ya mkaa. Mgunga una mkaa mzuri, na kila mtu anajua. Mtu akiukata mti leo, atapata mkaa wake mara moja. Kesho hana mti.

Mti uliosimama hutoa gundi kila kiangazi. Maua yake huwapa nyuki chakula, na sisi Digodigo tunajua asali ina maana gani katika nyumba na katika mila zetu. Majani na maganda yake huliwa na mbuzi wakati nyasi zimekwisha. Kivuli chake hupumzisha ndama. Mizizi yake hushika udongo usichukuliwe na mvua, na huongeza rutuba. Wakulima wa Kordofan nchini Sudan wanaijua rutuba hiyo. Huiacha migunga ikue katika mashamba waliyochoka kuyalima, huvuna gundi kwa miaka mingi, halafu hulima tena mtama na ufuta mahali pale pale.

Kwa hiyo ukiona mtu anakata mgunga wenye miiba mitatu mitatu, usimwone kama anayekata mti wake. Anakata gundi, asali na malisho ya watu wengi.

KABLA YA KUUZA

Nawaomba ndugu zangu msikimbilie porini kesho na magunia. Fanyeni mambo haya kwanza.

Kwanza, tafuteni mnunuzi kabla ya kuvuna nyingi. Mpelekeeni kilo moja ya kila fungu aione. Mwulizeni bei kwa maneno ya wazi, mbele ya mashahidi, na iandikwe. Gundi iliyokauka vizuri haiozi upesi. Hamlazimiki kuuza kwa mtu wa kwanza anayefika na mizani yake.

Pili, gundi ni zao la msitu. Mwulizeni Afisa Misitu wa Wilaya juu ya kibali na ushuru kabla ya kuisafirisha. Msiingie katika maeneo ya hifadhi bila ruhusa.

Tatu, lizungumzeni jambo hili katika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakipa kijiji nafasi ya kusimamia ardhi na misitu yake. Kijiji kinaweza kutenga sehemu ya nyika na kuiwekea sheria ndogo: nani avune, lini, na adhabu gani apewe anayekata miti. Wazee wetu wameyagawa maji ya mifereji kwa zamu, vizazi na vizazi. Watu wanaojua kugawana maji hawatashindwa kugawana miti.

Nne, undeni kikundi. Wachungaji na akina mama ndio wanaopita kwenye miti hiyo kila siku. Wawe wanachama, si wabeba mizigo. Kikundi kiwe na mizani yake, daftari lake, na mtu mmoja wa kukagua kila mfuko unaoingia. Mfuko uliochanganywa usipokelewe, hata kama mwenye nao ni ndugu wa mwenyekiti.

Tano, msiache mashamba. Bei ya gundi hupanda na kushuka, na mnunuzi wa mwaka huu huenda asirudi mwakani. Gundi iwe msaada wa kiangazi: ada ya daftari, chumvi, dawa ya mbuzi. Chakula kitoke shambani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, ni wapi kuna migunga yenye miiba mitatu mitatu? Nendeni mkaihesabu.

2. Utamwelezaje mtoto tofauti ya mti huo, oiti na mti wa vinundu?

3. Kikundi kina miti 120. Ikiwa kila mti utatoa robo kilo, watapata kilo ngapi?

4. Mwanachama ameleta gundi iliyochanganywa. Kikundi kifanye nini?

5. Ni sheria gani ndogo ingefaa kulinda migunga ya kijiji chenu?

Jadilianeni, andikeni majibu katika daftari, kisha yapelekeni kwa Mwenyekiti wa Kijiji.